Viatu Nilivyoviacha Vienna

Jirani yangu Anakleti alipokuja kunipokea uwanja wa ndege wa Bukoba hakuniangalia usoni. Aliniangalia miguuni. Mtu ameondoka Kanazi na viatu vyeusi vya ngozi vinavyong'aa, anarudi kutoka Ulaya na ndala! Kufika jioni habari ilikuwa imeingia kila nyumba, na kila aliyekuja kunipa pole ya safari alikuwa na swali hilo hilo moja. Wengine mmesema nimeibiwa. Wengine mmesema nimelewa nikavisahau. Nimechoka kusimulia kipande hapa na kipande pale, halafu kila mtu anakwenda kuongeza chumvi yake. Nimekaa chini, nimeandika yote. Habari za tiketi na mihuri nimeziruka, maana hata mimi ziliniudhi.

Muleba na Bukoba

Kwa atakayeisoma bila kunijua: mimi ni Respichi, mkanyaga ndizi. Rubisi, pombe yetu ya ndizi mnayoisifia kwenye harusi za Kanazi, nyingi imepita chini ya miguu yangu. Ndizi zikishaiva shimoni, tunazimenya, tunazitia kwenye gogo refu lililochongwa likawa na tumbo, tunachanganya na nyasi, na mimi naingia humo pekupeku nikanyage mpaka maji yatoke. Baba yangu alifanya hivyo, na gogo ninalolitumia ni lake. Kazi hii inaacha alama. Nyayo zangu zimekuwa nyeusi, zimepasuka, na sabuni ilishakata tamaa nazo.

Sasa sikilizeni habari ya viatu. Binti yangu Jeneroza alipokuwa kidato cha pili, shule ya bweni, nilikwenda kumwona siku ya wazazi. Nilitoka kazini moja kwa moja, nikavaa ndala. Aliporudi likizo alimwambia mama yake, kwa sauti ya chini lakini mimi nilikuwa nyuma ya mlango, kwamba safari nyingine Tata, yaani mimi baba yake, aje na viatu. Kumbe wenzake alishawaambia baba yake ni mkulima mkubwa wa kahawa. Sikumgombeza. Tangu siku hiyo sikuwahi kwenda mbele ya Jeneroza na wageni wake bila viatu, na mimi na yeye hatujawahi kulizungumza jambo hilo hata mara moja.

Kwa hiyo alipomaliza masomo Vienna, huko Austria, akapata kazi ya majaribio na kuniita nikamtembelee, kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda sokoni Bukoba kununua viatu. Muuzaji alisema vitajiachia vikizoea mguu. Muuzaji yule Mungu anamwona.

Nilianzia Muleba kumuaga dada yangu Editha. Alinifungia senene, wale panzi wetu wa kukaanga, kopo zima, akaongeza kifurushi cha kahawa yetu ya kutafuna, maana mtu hawezi kuingia kwa watu mikono mitupu akakosa hata cha kumpa mwenyeji atafune. Kisha nikaenda Bukoba, ndege tukaisubiri mimi na wasafiri wengine. Ukungu ulikuwa umelala ziwani, rubani anaogopa kutua. Tulikaa kutwa nzima, tukarudishwa kulala, kesho yake tukakaa tena mpaka saa nane. Mama mmoja aliyekuwa anakwenda Mwanza kwa mjukuu alifungua kapu akatugawia ndizi za kuchoma na dagaa, wasafiri wote, bila kumwuliza mtu jina. Mimi nilivua viatu chini ya benchi. Miguu ilikuwa imeshaanza kulalamika na hata sijatoka mkoani.

Mwanza, Dar, Addis

Njia hii sina maneno mengi. Mwanza tulishuka tukapanda, Dar nililala kwa mpwa wangu, halafu usiku wa pili Addis Ababa. Hapo uwanjani nilikaa karibu na mzee mmoja wa Kiethiopia mwenye shuka jeupe. Hana Kiswahili, mimi sina Kihabeshi. Nikatoa kahawa ya Editha nikatia mdomoni. Yule mzee akanitazama, akanyoosha kiganja. Nikampa punje tatu. Alitafuna, akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikia jina la kijiji chake. Tulikaa saa nne tukitafuna, na sikumbuki kama nimewahi kukaa na mtu vizuri hivyo bila neno.

Ndani ya ndege ya kwenda Vienna nilivua viatu tena. Mhudumu akaniletea soksi za bure. Nikajua Ulaya watu wana huruma.

Vienna: jeneza lenye mlango

Jeneroza alinipokea na maua. Alinikumbatia, kisha akaangalia chini, upesi, akainua macho. Viatu vilikuwepo miguuni. Nikamwona anapumua. Basi nikasema moyoni, vitabana lakini sivui.

Mji ule una makumbusho mengi kuliko maduka ya chumvi Bukoba mjini. Na siyo ya mafuvu na mikuki tu. Siku ya kwanza alinipeleka kwenye makumbusho ya mazishi. Mazishi, jamani! Watu wanaingia wakicheka, wanatoka wakicheka. Nilioneshwa jeneza lenye mlango chini: maiti inashushwa kaburini, mnavuta mtambo, mlango unafunguka, marehemu anadondoka, jeneza linarudi nyumbani kumngojea mwingine. Jeneroza alisema lilibuniwa na mfalme wao wa zamani; nikamwuliza kama huyo mfalme alikuwa na ndugu. Akasema watu wenyewe walikasirika, likaachwa. Nikafurahi. Palikuwa pia na kengele yenye kamba, ya mtu kujifungia mkononi endapo atazikwa kimakosa. Sisi tunaozikana mgombani, hatua chache kutoka mlangoni, ukiamka si utapiga kelele tu wakusikie?

Siku ya pili tulikwenda makumbusho ya matufe ya dunia. Mamia, makubwa na madogo, ya miaka hiyo ya zamani. Nikaanza kutafuta kwetu. Kwenye tufe moja kongwe pale panapotakiwa kuwa na ziwa letu pamechorwa milima na mnyama. Nikamwita msimamizi, nikamwuliza kwa kidole, ziwa mmelipeleka wapi? Jeneroza akafasiri huku uso unamwiva. Yule mama alicheka mpaka akafuta miwani, akatuonesha jingine la baadaye ambalo ziwa limo, ila limechorwa dogo. Nikamwambia waliongezee.

Siku ya tatu tulishuka kwenye mitaro ya maji machafu, na watu walipanga foleni kuingia. Nilipanga nami. Siku ya nne makumbusho ya saa, mamia ya saa na hakuna mbili zinazokubaliana, nikajisikia niko kikaoni kwetu. Siku ya tano tukakaa kwenye mgahawa wa kahawa wenye viti vya mahameli. Mhudumu, mzee mwenye tai ya kipepeo na uso wa kununa, alileta kikombe na glasi ya maji. Nikamaliza maji, akaleta mengine. Nikamaliza, akaleta. Nikadhani ndiyo namna yao ya kumwambia mtu aondoke, nikaanza kunyanyuka. Jeneroza akanivuta: hapana, Tata, ndiyo heshima yao, unaweza kukaa mpaka kesho. Nikaona aibu kupewa heshima bila kurudisha. Nikamwekea yule mzee punje mbili kwenye sahani yake. Alitia mdomoni kwa adabu, uso ukamkunjika wote, akaondoka. Baada ya nusu saa akarudi, akasimama pale, akasafisha koo. Anataka nyingine.

Mnaona raha hiyo? Lakini kuna kitu kilikuwa kinanikereketa. Siku tano zimepita, tumeona jeneza, mitaro na saa, na makumbusho anayofanyia kazi Jeneroza mwenyewe hajanipeleka. Nikimwuliza, leo wamefunga. Kesho kuna mkutano. Keshokutwa panapakwa rangi. Nilijua kazi yake ni kuwaongoza wageni na kuwaelezea vitu, na kwamba majaribio ya miezi sita yanaisha mwisho wa wiki ile. Mwenye makumbusho ataamua abaki au aondoke, na akiondoka, na nchi yenyewe ataiacha. Nikajisemea, labda viatu havitoshi. Labda anaona haya kunipeleka hata nikiwa navyo. Usiku huo sikulala vizuri, nawaambia ukweli.

Siku ya sita nikamwambia, mwanangu, kesho kutwa narudi. Sitakwenda Kanazi kuwaeleza watu kazi ya wengine. Alichukua koti lake. Halafu akasema, twende.

Ghala la mitumbwi

Ni ghala la zamani karibu na mto Danube, mwenyewe ni mzee mmoja anaitwa Bwana Anton. Babu yake alisafiri akikusanya vyombo vya majini, akaviacha kwa wajukuu. Mle ndani imejaa mitumbwi: ya magome, ya ngozi, ya matete. Tulipita. Jeneroza anaeleza vizuri, anajua kila kitu, nikavimba kichwa. Ila kila tunapokaribia kona ya mwisho anaharakisha.

Kwenye kona ile, ndani ya kamba nyekundu, palikuwa na taa inamulika. Chini yake limelazwa gogo la kukanyagia ndizi.

Jamani, gogo letu! Si la baba yangu, lakini angeweza kulichonga fundi yule yule. Wamelitandazia wavu wa samaki. Wameliegeshea kasia. Na kibaoni, Jeneroza akanisomea huku anaangalia ukuta, pameandikwa mtumbwi wa wavuvi wa Ziwa Viktoria.

Mimi nimekaa miaka minne kisiwani Bumbire kwa mjomba, nikivua. Mtumbwi naujua. Mtumbwi una pua ya kukata maji, na tumbo la nje limesuguka kwa kuburutwa mchangani. Hili lilikuwa butu pande zote mbili, zito, tako limenyooka likae chini lisitikisike, na ubavuni mwisho kuna kitundu cha kutolea maji ya ndizi. Ukilishusha ziwani hata paka halimbebi. Na ndani, katikati, pamelika mabonde mawili laini, moja la kulia na moja la kushoto. Nyayo za mtu. Mtu wa kwetu alisimama hapo maisha yake yote.

Sijui niwaeleze vipi kilichofuata. Ninyi wenzangu wa kazi mtanielewa, wengine mtacheka. Mkanyagaji akifika kwenye gogo havai kiatu. Huwezi. Ni kama kuingia kanisani na kofia. Sikufikiri, mikono ndiyo ilifikiri. Nilivua viatu, nikavua soksi, nikavuka kamba, nikasogeza wavu na kuweka nyayo zangu mle mabondeni. Zilikaa sawasawa. Machozi yakanitoka hapo hapo.

King'ora nacho kikalia.

Wageni wakakimbilia kona ile. Bwana Anton akaja, mrefu, mweupe, amewaka hasira, akimwuliza Jeneroza maswali kwa Kijerumani. Mimi nimeshatoka ndani, nimesimama sakafuni na nyayo zangu nyeusi mbele ya watu wote. Nikaziona zilivyo. Nikamwangalia mwanangu, nikaona kazi yake inaondoka, na ni mimi niliyeiondoa.

Nikamwambia kwa Kihaya, mwambie kwamba viatu vilimbana baba yako, akachanganyikiwa. Ni uongo mdogo, na vilibana kweli.

Jeneroza hakufasiri. Alikuwa ananiangalia miguuni, na safari hii hakuinua macho upesi.

"Nilijua, Tata," akasema. "Siku ya kwanza nilipoingia humu nilijua ni gogo. Kila Jumamosi nawaambia watu ni mtumbwi."

"Kwa nini?"

"Wangeniuliza nimejuaje."

Bwana Anton anangoja. Watu wanangoja. Nilijua hapa sasa siyo pa kumwonea mtoto huruma.

"Basi mwambie umejuaje," nikasema. "Mwambie umesomeshwa na gogo."

Alifuta uso kwa kiganja. Akamgeukia yule mzee, akaanza kusema. Kijerumani sikijui, lakini nilisikia Kanazi. Nilisikia rubisi. Nilisikia jina langu, na jina la baba yangu, ambalo hajawahi kulitaja mbele ya mtu. Alionesha kile kitundu, alionesha tako la gogo, akapiga magoti na kuonesha mabonde mawili, kisha akanishika mkono akaonesha miguu yangu. Alisema muda mrefu, sauti ikipanda. Sijawahi kumsikia akisema hivyo tangu azaliwe.

Bwana Anton alizima king'ora. Akachukua tochi, akalala kifudifudi sakafuni na suti yake, akamulika chini ya gogo, akamulika kitundu, akakaa kichwa kikiwa humo chini mpaka tukadhani amepatwa na kitu. Alipoinuka alikuwa na vumbi puani. Alisema jambo fupi.

"Anasema," Jeneroza akafasiri, "babu yake amemdanganya miaka yote hiyo. Anauliza kama Jumapili utamwonesha linavyofanya kazi."

Nyasi za sungura

Safari ya kurudi ikasogezwa mbele. Gogo lenyewe Bwana Anton alikataa lisikanyagwe, ni kongwe, na hapo nilimheshimu. Akanunua beseni refu la plastiki. Ndizi za kule zinatoka nchi za mbali na ni za kijani, na moto wa kuziivishia nilikatazwa kwa sababu ya kengele ya moshi iliyo darini. Nikazifunga kwenye kabati la nguo la Jeneroza na mablanketi yote na chupa za maji ya moto, nikawa nabadilisha maji usiku kucha. Siku ya tatu nyumba nzima ilinukia Kanazi. Jirani wa juu akaja kuuliza ni harufu gani nzuri hivyo. Tukamkaribisha, akala senene akidhani ni kamba wadogo, na nilipomweleza ni nini alikuwa ameshamaliza bakuli.

Nyasi zilitusumbua. Bustani zao hairuhusiwi kung'oa hata unyasi mmoja. Mwisho tukazipata kwenye duka la wanyama, nyasi kavu za kulishia sungura, zimefungwa vizuri kwenye mfuko wenye picha ya sungura. Baba angeniona angekaa chini.

Jumapili ua wa ghala ulijaa. Nilikunja suruali nikaingia beseni. Weee! Miaka thelathini ninakanyaga, sijawahi kupigiwa makofi kabla hata maji hayajatoka. Jeneroza alisimama kando yangu anaeleza, mikono inaruka, watu wanacheka anapotaka wacheke na kunyamaza anapotaka wanyamaze. Maji ya ndizi yalipochuruzika, Bwana Anton alivua viatu vyake. Akaingia upande wa pili, akanishika mabega, tukakanyaga wote wawili. Anakanyaga vibaya, anarusha, lakini ana moyo. Yule mhudumu wa mgahawa naye alikuja na tai yake ya kipepeo. Wote walikunywa. Hayakuwa rubisi, yalikuwa maji matamu tu, lakini hakuna aliyebakiza.

Jioni Bwana Anton aliondoa wavu na kasia kwa mikono yake mwenyewe. Akampa Jeneroza karatasi mbili. Moja ilikuwa ya kazi, ya kudumu. Ya pili ilikuwa tupu, aandike kibao kipya. Akaandika kwa Kijerumani na kwa Kiswahili. Nimekiona kimeshatundikwa. Kinasema ni gogo la kukanyagia ndizi kutoka Kagera, na kwamba mwandishi amejua hivyo kwa sababu ni binti wa mkanyagaji.

Kurudi Kanazi

Asubuhi ya kuondoka nilijiandaa mapema. Suti nimevaa, kofia nimevaa, nikaenda mlangoni kuvaa viatu. Havipo. Nikatafuta chini ya kitanda, kabatini, bafuni. Nikamwita Jeneroza.

Alitoka jikoni na ndala zangu za nyumbani mkononi. Alikuwa amezisugua mpaka zimekuwa mpya. Akainama, akaziweka mbele ya miguu yangu, moja kulia, moja kushoto.

"Viatu nimevigawa, Tata," akasema. "Vilikuwa vinakubana."

Nilimwambia si kitu, viatu vimenibana miaka mingi. Akaniegemea kifuani akalia, nami nikalia, mpaka teksi ikapiga honi mara ya tatu. Kisha nikavaa ndala zangu, nikaja nyumbani.